Sura ya Jinai: Majalada ya Riwaya za Upelelezi, Kutoka London Hadi Singida

Miongoni mwa vitabu vyote vinavyotafuta mnunuzi, hakuna kilichotwishwa kazi ngumu kuliko riwaya ya upelelezi, kwa sababu jalada lake hutakiwa kutangaza kwamba ndani mna maovu, na papo hapo kumsitiri aliyeyatenda mpaka msomaji afike kurasa za mwisho. Jalada la kitabu cha dini hutosheka na nakshi na hati nzuri, na la kitabu cha mapishi huonyesha chakula chenyewe. Lakini mchoraji wa riwaya ya jinai akisema mno ametoboa siri ya mwandishi, na akinyamaza mno amemkatia muuzaji riziki yake. Kila taifa limeutatua ugumu huu kwa namna yake, na mwenye kuyaweka majalada hayo mezani bega kwa bega atabaini kuwa hutoa habari nyingi za wanunuzi kuliko habari za wauaji.

Hapa Singida kitabu cha aina hii aghalabu hakiuzwi ndani ya duka lenye rafu na taa. Huuzwa juu ya turubai lililotandazwa chini, kando ya stendi ya Misuna au katika mitaa ya soko, pamoja na vitabu vya shule vilivyokwisha kutumika, vitabu vya dua na nyimbo, kalenda na ramani za ukutani, ilhali jirani yake yuko mwenye asali, mwenye mafuta ya alizeti na mwenye matenga ya kuku. Abiria wa basi la Mwanza, Arusha au Dodoma hana wasaa wa kusoma sura ya kwanza. Humpima mwandishi kwa jalada lake kama mnunuzi wa kuku anavyopima nyama kwa kubonyeza kidari, akatoa fedha au akaenda zake. Neno hili ni la msingi katika yote yatakayofuata, maana jalada huumbwa na mahali kitabu kinapouzwa, na hukumu nyingi za watu kuhusu uzuri na ubaya wa majalada hupotoka kwa kulisahau hilo.

Tuanze na Waingereza, ambao walipata kuamini kwamba rangi moja yatosha. Allen Lane alipoanzisha vitabu vya Penguin mwaka 1935, kwa bei ya peni sita, bei ya pakiti ya sigara, hakuweka picha yoyote juu ya jalada: kulikuwa na mikanda mitatu ya kulala, wa katikati mweupe wenye jina la kitabu na la mwandishi, na wa juu na wa chini wenye rangi ya fani yake. Chungwa ilikuwa ya riwaya za kawaida, buluu ya maisha ya watu mashuhuri, na kijani ikawa ya jinai. Katika vitabu kumi vya kwanza mlikuwamo kazi ya Agatha Christie na ya Dorothy Sayers, na zote mbili zilivikwa kijani hicho, bila tone la damu wala kisu. Msomaji aliyekuwa akisubiri garimoshi aliitambua rangi kwa mbali, akajua anachokipata. Hata mwaka 1961, kampuni ilipoona kuwa ukimya umezidi na kumwita Romek Marber, mchoraji mzaliwa wa Poland, alikibakiza kijani, akagawanya jalada kwa mistari iliyopimwa kwa hesabu, juu maandishi na chini picha, na picha zenyewe zilikuwa vivuli, maumbo yaliyokatika na watu wasio na nyuso. Mimi nayahesabu majalada ya Marber kuwa kilele cha sanaa hii, kwani humtia mtu hofu bila kumwambia anachokiogopa.

Wataliano walifuata njia iyo hiyo kwa rangi nyingine. Nyumba ya uchapishaji ya Mondadori ilianza mfululizo wake wa riwaya za jinai mwaka 1929 kwa majalada ya njano, na rangi hiyo ikashika katika fikra za watu hata leo Mtaliano asemapo njano, kwa maana ya kitabu au filamu, huwa amekusudia hadithi ya mauaji na upelelezi. Serikali ya Mussolini haikuipenda biashara hiyo, na mwaka 1941 mfululizo huo ukasimamishwa, ukarudi baada ya vita. Wafaransa nao walikuwa na njano yao katika mfululizo wa Le Masque, ulioanza mwaka 1927 ukiwa na alama ya barakoa na kalamu ya unyoya. Lakini jalada lao lililovuma zaidi ni lile jeusi la Série Noire, lililoanzishwa na Marcel Duhamel katika nyumba ya Gallimard mwaka 1945: weusi mtupu, maandishi ya njano, basi. Mtu aliyezoea majalada yetu ya Afrika Mashariki akiyaona hayo kwa mara ya kwanza huyadhania daftari za karani. Lakini Mfaransa amenunua jina la mfululizo, na mfululizo umemdhamini mwandishi asiyemjua; picha ingekuwa dhamana ya ziada isiyohitajika.

Marekani haikuwa na subira hiyo. Kuanzia mwaka 1939, vitabu vya jalada laini vilipoanza kuuzwa huko katika maduka ya dawa, vituo vya mabasi na vibanda vya magazeti, mchapishaji alilazimika kushindana na kila kitu kilichokuwa kando yake, na matokeo yakawa yale tunayoyafahamu sote: mwanamke aliyeteremsha bega la gauni, mwanamume mwenye kofia iliyofunika jicho moja, bastola inayofuka moshi, na mwanga wa taa uingiao kwa upenyo wa dirisha. Mambo yalifika hadi mwaka 1952 kamati ya Bunge la Marekani, chini ya mwenyekiti Gathings, ikakaa kuchunguza vitabu na majarida ya aina hiyo, na majalada yenyewe yakawa sehemu ya ushahidi. Ninavyoona, wabunge wale waliupata ukweli nusu: majalada yalikuwa ya uchi kuliko vitabu, na msomaji aliyenunua kwa tamaa ya picha mara nyingi alikuta ndani mahojiano marefu ya polisi na kikombe cha kahawa baridi.

Jambo la shani ni kwamba mwandishi aliyetuletea Marekani hiyo katika Afrika Mashariki hakuwa Mmarekani. James Hadley Chase, ambaye jina lake la kuzaliwa ni René Raymond, alikuwa Mwingereza aliyeiandika Marekani zaidi kwa msaada wa ramani na kamusi za lugha ya mitaani kuliko kwa kuishi huko, na kitabu chake cha kwanza, kile cha Miss Blandish, kilitoka mwaka 1939. Nakala zake za jalada laini, zilizopambwa kwa picha za wasichana wasiokuwa na uhusiano wowote na hadithi, zilitapakaa katika shule na mabweni yetu kwa miongo kadhaa. Wanafunzi walizivika karatasi ya kaki au gazeti, kama walivyovika vitabu vya hesabu, ili mwalimu wa zamu asizitambue. Japani hufanya hivyo kwa adabu rasmi: muuzaji wa duka la vitabu humuuliza mnunuzi iwapo angependa kitabu chake kivikwe karatasi, ili abiria wa jirani katika treni asijue anachokisoma, na tangazo la kitabu chenyewe huwekwa katika mkanda wa karatasi uliozungushiwa jalada, ambao waweza kuvuliwa na kutupwa bila kuidhuru picha. Ni busara ninayoihusudu, kwa kuwa huko kelele za soko zina mahali pake na sanaa ina mahali pake.

Ushahidi mzuri zaidi kwamba jalada ni mtoto wa soko waonekana katika kitabu kimoja kilichovikwa mara mbili. Ian Fleming alipotoa kisa cha James Bond cha mwaka 1957, kile cha Urusi, toleo la jalada gumu lilipambwa na Richard Chopping kwa bastola na ua la waridi, vimechorwa kwa uangalifu wa kuweza kuhesabu matone ya umande, na hapakuwa na mtu hata mmoja. Kitabu hicho hicho kilipotoka katika jalada laini la kampuni ya Pan, kwa ajili ya vituo vya reli, kilipewa watu waliopakwa rangi kali na nyuso za hatari. Tajiri aliuziwa vitu, na mpita njia akauziwa watu.

Sasa tuje nyumbani. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, alishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau kwa hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960, na humo akamzaa Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, mwenye utulivu na mwenye rafiki wa kumshangaa, ambaye ukoo wake kwa Sherlock Holmes haukufichwa. Mpelelezi wa namna hii ni neema kwa mchoraji, maana mchoraji hahitaji kuonyesha jinai. Kiko na kivuli cha mtu anayefikiri vyatosha. Lakini Bwana Msa hakupata kuwa na nyumba moja ya uchapishaji. Kisima cha Giningi kilichapishwa na Evans Brothers wa London mwaka 1968, Duniani Kuna Watu kikafuata mwaka 1973, Siri ya Sifuri kikaenda East African Publishing House mwaka 1974, na kila nyumba ikamvika upya kwa desturi yake. Matokeo yake ni kwamba mpelelezi mashuhuri kuliko wote katika Kiswahili hajapata kuwa na rangi yake, wala alama yake, wala hati ya jina lake inayotambulika kwa mbali, na msomaji aliyependa kitabu kimoja hana jalada la kumwongoza kwenda kwenye cha pili. Hiyo naihesabu kuwa hasara kubwa kuliko ubaya wa picha yoyote.

Mkondo wa pili ulitoka katika picha za kamera. Katika miaka ya sitini jarida la African Film la nyumba ya Drum lilimleta Lance Spearman, mpelelezi mweusi mwenye kofia na suti, ambaye visa vyake vilisimuliwa kwa picha zilizopigwa za waigizaji, zikiwa na maneno ndani ya viputo. Vijana wa miji yetu walimpenda mno, na Faraji Katalambulla, yule yule aliyetunga Simu ya Kifo iliyotoka mwaka 1965, akaanzisha hapa nchini jarida la Film Tanzania lililofuata mtindo huo kwa Kiswahili. Taathira ya majarida hayo juu ya majalada ya riwaya ni dhahiri: tangu hapo mpelelezi hakuwa tena mtu wa kukaa barazani na kuvuta kiko, akasimama wima, miguu imepanuka, bastola mkononi, na gari nyuma yake.

Ndipo akaja Willy Gamba wa Elvis Musiba, katika Kufa na Kupona ya mwaka 1974, Kikosi cha Kisasi ya 1979 na Njama ya 1981. Wapo waliosema, na bado wapo wasemao, kwamba ni James Bond aliyepakwa rangi, na kwamba vitabu vyake na majalada yake ni mwigo mtupu. Siafikiani nao. Bastola ya jalada la Kimarekani aghalabu ni ya jambazi, au ya mpelelezi wa kukodiwa anayefanya kazi kwa ajili ya mteja. Bastola ya Willy Gamba ni ya Afrika, ilitolewa dhidi ya makaburu na mawakala wao katika zama ambazo Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi, na msomaji wa Singida aliyemwona shujaa yule akielekeza mtutu wake alijiona yuko upande wa nyuma wa mtutu, pamoja naye. Umbo la picha ni moja, maana ni mbili.

Kadhalika, wanaoyacheka majalada yetu ya miaka ya themanini kwa wekundu wake wa kupindukia wangefaa kuijua kazi ya mtambo wa chapa. Katika upigaji chapa wa ofseti kila wino huhitaji bamba lake na kupitishwa kwake, na picha yenye rangi zote huhitaji wino nne. Mchapishaji mwenye mtaji mdogo, katika nchi iliyotoka katika vita vya Kagera na kuingia katika uhaba wa karatasi, wa wino na wa fedha za kigeni, alimudu rangi mbili kwa shida. Nyeusi haikwepeki, kwa sababu ya maandishi. Ya pili ikiwa moja tu, na kitabu ni cha mauaji, ni nani atakayechagua buluu? Damu zile nyingi zilitoka katika hesabu za mhasibu kabla ya kutoka katika akili ya mchoraji. Na ndani ya dhiki hiyo palikuwa na ustadi: mikono ile ile iliyochora vikatuni vya magazeti na majarida ilichora majalada, kwa mstari mzito usioogopa, na kwa desturi ya kusimulia tukio zima katika picha moja.

Hapo ndipo ilipo aibu yetu halisi, kwa kuwa tukio zima halipaswi kuonekana. Jalada linaloonyesha aliyeuawa, silaha, mahali na uso wa mtu anayekimbia limeifanya kazi ya mpelelezi kabla hajaamka. Majina ya vitabu vyetu yana hekima kuliko picha zake: simu, kisima, sifuri; kila moja ni kitu kimoja ambacho mchoraji angeweza kukiweka peke yake katikati ya karatasi nyeupe na kumwachia msomaji kujiuliza. Kubadili jina nako ni kubadili sura, na wachapishaji wa pote hulijua hilo. Ben Mtobwa alikitoa kwanza kitabu chake kwa jina la Pesa Zako Zinanuka, kisha mwaka 1990 kikatoka upya kwa jina la Dar es Salaam Usiku, na mji ukachukua nafasi ya fedha kama chambo cha macho. Stieg Larsson wa Sweden alikiita kitabu chake cha mwaka 2005 kwa jina lenye maana ya wanaume wanaochukia wanawake, jina la mashtaka. Waingereza wakaliondoa na kuweka la msichana mwenye chale ya joka, na huko Marekani Peter Mendelsund akakivika njano ya kung'aa yenye joka linalojizungusha, pasipo theluji, pasipo maiti, na kitabu kikauzwa kama maji.

Wageni nao wanapotuvika sisi hutupa mgunga. Imekwisha kuwa mzaha wa dunia kwamba riwaya yoyote iliyoandikwa juu ya Afrika, iwe ya mapenzi, ya vita au ya mauaji katika ghorofa ya kumi ya Nairobi, yaweza kupewa jalada lenye mti mmoja wenye kichwa bapa, jua likichwea nyuma yake. Sisi wa Singida twaweza kusema hili bila kinyongo, maana migunga tunayo kweli kweli, na mibuyu, na majabali, na jua la kuchwea juu ya ziwa Singidani. Lakini anayetaka mandhari ya hofu katika mkoa huu asiende kwenye mti mmoja uliosimama peke yake mahali peupe, ambapo hakuna awezaye kujificha. Aende kwenye kichaka cha Itigi, ambacho wataalamu wa mimea wa dunia wanakijua kwa jina hilo, mahali ambapo vijiti vimesongamana hata mtu asimwone mwenzake aliye hatua chache mbele yake.

Na mkoa huu una kisa chake, ambacho ningependa kukiona katika riwaya ya Kiswahili iliyotungwa kwa kina na kuvikwa jalada la haki. Katika miaka ya 1946 na 1947 Wilaya ya Singida iliingiwa na kitisho cha vifo vilivyofanana na vya kuliwa na simba, hata ikasadikiwa, na serikali ya kikoloni ikashikilia, kwamba nyuma yake palikuwa na binadamu, wakaitwa watu-simba. Watu wakakamatwa, wakashtakiwa, na baadhi yao wakahukumiwa kifo. Jarida la Tanganyika Notes and Records liliandika juu ya mambo hayo mwaka 1950, na mwaka 1962 Harold Schneider, mtaalamu wa Kimarekani aliyeishi miongoni mwa Wanyaturu na kuandika kitabu juu ya uchumi wao, akalirudia suala hilo katika jarida lilo hilo ili kulipima upya. Hapa pana kila kitu ambacho mwandishi wa jinai hukiomba: jeraha lisilosema limetoka wapi, jamii yenye hofu, mahakama ya kigeni na ushahidi wa kutiliwa shaka.

Nafahamu jinsi kisa hicho kingevikwa na kila soko. Mchapishaji wa Ulaya wa zama za Tarzan, shujaa ambaye naye alipewa kitabu chake cha watu-chui mwaka 1935, angechora ngozi, kucha na macho meupe gizani. Wa leo angeweka mgunga. Mchoraji wetu wa miaka ya themanini angemchora mtu-simba hewani, anaruka, na damu imekwisha kumwagika, hivyo swali zima la riwaya, yaani ni mnyama au ni mtu, lingejibiwa bure kabla ya ukurasa wa kwanza. Marber angechora wayo mmoja kwenye vumbi, usiojulikana ni wa nani. Nami niko pamoja na Marber, na kwa sababu ya pili iliyo nzito kuliko ya sanaa: watoto na wajukuu wa waliokufa na wa waliohukumiwa wako hai, na jalada linaloonyesha binadamu kama hayawani lingewahukumu upya mbele ya stendi nzima.

Siku hizi riwaya nyingi za jinai hazifiki stendi hata kidogo. Husambazwa kwa simu, sehemu kwa sehemu, katika makundi ya WhatsApp, na jalada lake ni picha ndogo kama ukucha, yenye msichana, bunduki na moto vilivyobandikwa pamoja kwa programu ya simu. Udogo huo ungepaswa kuturudisha kwenye kitu kimoja na rangi moja, kama kijani cha Waingereza. Kwa sasa umetuzidishia msongamano.

Liko jambo moja la kuwaomba wasomaji wa mkoa huu. Kitabu kinachopendwa hupita mikono mingi, na kitu cha kwanza kupotea ni jalada. Ndiyo maana nakala nyingi za riwaya hizi zilizosalia majumbani zinaanzia ukurasa wa tatu au wa tano, na majina ya waliozichora, ambayo mara nyingi hayakuandikwa popote, yamepotea pamoja nazo. Mwenye nakala ya zamani ya Musiba, ya Mtobwa, ya Hammie Rajab au ya Abdulla yenye jalada lake kamili, na aipige picha mbele na nyuma, aandike mwaka na mchapishaji, na akimjua mchoraji aliandike jina lake, kisha aipeleke nakala ya picha hiyo maktaba ya mkoa. Na mchapishaji anayetoa kitabu kipya mwaka huu, jina la mchoraji aliweke nyuma ya jalada. Nafasi linayoihitaji ni ya mstari mmoja.